Nani Aliyelipia Sherehe?



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tulikusudia kuwaandikia juu ya mfungo, kama ilivyo desturi yetu kila Kwaresima inapoanza. Nia hiyo ilibadilika Jumanne jioni. Mvua ilikuwa ikinyesha hapa Irente, ukungu umepanda kutoka bondeni hata Mazinde na mashamba ya mkonge hayaonekani, alipobisha hodi mama mmoja mjane wa mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, akiwa ameongozana na mwanawe wa kiume. Kijana huyo yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja huko mjini, anasomea shahada ya usimamizi wa biashara. Jina lake hatulitaji, wala jina la chuo chake. Tunayoyasimulia hayakusemwa katika kitubio, bali sebuleni, mbele ya mama na mbele ya vikombe vya chai. Na kijana mwenyewe amesomewa maandishi haya kabla ya kuwafikia ninyi, akaridhia. Wale watakaomtambua, maana Irente si kubwa, tunawasihi wawe na staha.

Habari yenyewe ni fupi. Kijana amerudi nyumbani kwa sababu hakuruhusiwa kufanya mitihani ya muhula wa kwanza. Hakuruhusiwa kwa sababu hakumaliza ada. Hakumaliza ada, ijapokuwa mama yake alimtumia shilingi 520,000 mwezi Novemba kwa ajili hiyo hiyo, akapokea ujumbe wa shukrani uliojaa maneno ya baraka. Sikukuu ya Noeli hatukumwona kanisani. Mama alituambia wakati ule, kwa fahari kabisa, kwamba mwanawe amebaki chuoni kwa ajili ya kazi za vikundi. Kumbe kazi za vikundi hazikuwapo. Mwaka ulipokuwa ukiisha kijana alivuka kwenda Unguja, kwenye tamasha la ufukweni la kuukaribisha mwaka mpya, na kwa siku tatu simu yake ilikuwa imezimwa.

Tungeweza kumhubiria, na mama alikuja akitazamia hivyo. Badala yake tulimpa karatasi, kalamu na rula, tukamwomba atuandikie hesabu ya mapato na matumizi yake tangu Oktoba, kama ambavyo angeandika darasani. Ni kijana mwenye akili. Mistari yake ilinyooka, jumla zake hazikukosea. Upande wa matumizi aliujaza hadi chini ya ukurasa: kiingilio cha tamasha la muziki mwezi Oktoba, chake na cha rafiki, mchango wa sherehe ya kuzaliwa ya mwanafunzi mwenzake iliyofanyika hotelini, pamoja na bei ya shati jeupe, kwa kuwa waalikwa wote walitakiwa kuvaa nyeupe, nauli ya boti kwenda Unguja na kurudi, malazi, kiingilio tena, vinywaji, vocha, na mstari wa mwisho ulioandikwa "mengineyo", ambao ulikuwa na tarakimu kubwa kuliko yote iliyotangulia.

Upande wa mapato ulikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza: Bodi ya Mikopo. Wa pili: Nyumbani.

Mama, ambaye husoma polepole, aliweka kidole juu ya neno lile la pili akauliza, "Hapa umeandika nini, mwanangu?" Akasomewa. Akakaa kidogo, akauliza tena, "Nyumbani ni nani?"

Katika miaka yetu ya upadre tumeulizwa maswali mengi juu ya Utatu Mtakatifu na juu ya toharani, lakini hatukumbuki swali lililotunyamazisha kama hilo. Mama hakuuliza kwa kutojua. Nyumbani ni mtamba aliyeuzwa mwezi Novemba kabla hajazaa hata mara moja. Nyumbani ni magunia sita ya viazi mviringo, viazi vilivyopandishwa kwa mafungu kutoka bondeni hadi barabarani kabla ya jua kuchomoza. Nyumbani ni dada yake, aliyeacha mafunzo ya ushonaji kwa muhula mmoja ili ada ya kaka itimie. Nyumbani ni kaka mkubwa anayeendesha bodaboda kule Mombo na kutuma elfu kumi kumi anapojaliwa. Na Nyumbani, wapendwa, ni sisi pia: Dominika moja ya mwezi Oktoba kigango hiki kilitoa sadaka ya pili kwa ajili ya wanafunzi wetu walioko vyuoni, na shilingi 60,000 kati ya sadaka ile zilimfikia yeye. Kuna bibi aliyetoa siku ile shilingi 200. Naye yumo ndani ya neno lile moja.

Hapo ndipo lilipo shauri letu la juma hili, nasi tunalisema waziwazi ili wanaotaka kutupinga wajue tunaposimama. Hatugombani na muziki. Hatugombani na safari, wala na ujana. Tunagombana na sherehe isiyomjua aliyeilipia.

Tunajua wapo wahubiri, tena si wa madhehebu mengine tu, ambao wangelimaliza jambo hili kwa dakika mbili: dansi ni ya shetani, bongo fleva ni ya shetani, ufukwe ni wa shetani, tubu. Hatukubaliani nao. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano kwa nguvu zake zote, na Mikali binti Sauli, aliyemdharau kwa ajili hiyo, ndiye ambaye Maandiko yanamwacha bila sifa (2Sam 6:14-23). Ishara ya kwanza ya Bwana wetu katika Injili ya Yohane ilifanyika harusini, divai ilipokwisha (Yn 2:1-11), na mitungi sita ya mawe iliyojazwa hadi juu haimwonyeshi Mungu mwenye choyo na furaha ya watu. Isitoshe, mwalimu anayewaambia vijana kwamba kila ngoma ni dhambi huwafundisha jambo moja tu, nalo ni kuficha. Kijana wetu hakuzima simu kwa kumchukia mama yake. Aliizima kwa sababu tangu utoto wake hajasikia kanisani, wala nyumbani, neno hata moja jema juu ya burudani, na kwa hiyo hakuwa na lugha ya kuombea ruhusa. Katika hilo sehemu ya lawama ni yetu, nasi tunaipokea.

Torati inayo sheria juu ya safari za sikukuu, nayo husomwa mara chache mno (Kum 14:22-27). Mwisraeli aliyekaa mbali na mahali patakatifu aliruhusiwa kuiuza zaka yake ya mazao na wazaliwa wa kwanza wa mifugo yake, akaifunga fedha ile, akasafiri nayo, na alipofika akanunua chochote ambacho nafsi yake ilikitamani: ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo. Ndiyo, mmesoma vema. Mungu wa Musa alitenga fungu la karamu. Lakini yatazameni masharti. Fedha ile ilikuwa zao la shamba linalojulikana, la mwaka unaojulikana. Karamu ililiwa mbele za Mungu, si mafichoni. Aliyekula alikula pamoja na nyumba yake. Na Mlawi asiye na shamba hakusahauliwa (sisi mapadre tunakipenda sana kipengele hicho, lakini leo hatutakikazia). Ukiliondoa sharti la nyumba, kinachobaki ni mtu mmoja mwenye fedha za wengi, akila peke yake katikati ya umati.

Familia Takatifu nayo ilikuwa na safari ya sikukuu. Kila mwaka Yosefu na Maria walipanda kwenda Yerusalemu kwa Pasaka, na mwaka ule kijana alipokuwa na miaka 12 alibaki nyuma, nao wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara (Lk 2:41-52). Wengi wetu tukiifikia Injili hii hukimbilia hekaluni, kwa walimu wa Sheria. Sisi leo tunataka muutazame ule msafara. Ulikuwa msafara wa namna gani, hata mama mwenye mtoto mmoja aweze kutembea siku nzima bila hofu? Ulikuwa msafara ambamo mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote. Na walipomkosa, walijua pa kuanzia kumtafuta: kwa jamaa na wenyeji wao. Mama yetu wa Irente angeanzia wapi? Hakujua hata kwamba mwanawe amevuka bahari.

Tulipofika hapo kijana alijitetea, na utetezi wake tunauheshimu kiasi cha kuujibu. "Baba," alisema, "biashara ni kujuana. Nikikaa bwenini na daftari peke yake nitahitimu bila kumjua mtu. Kwenye matamasha ndiko wanakopatikana watu." Hoja hii huisemi bure, wanafunzi wengi wa biashara huirudia, na haikosi ukweli, kwa maana hata sisi tunajua watu walioajiriwa kwa kujulikana kuliko kwa vyeti. Ila tulimwomba atuhesabie: katika siku zile, ni nani hasa aliyefanya biashara? Akaanza kutaja, kwa uaminifu. Mwenye boti. Mwenye nyumba ya wageni. Muuza mishikaki. Dereva wa daladala. Mwenye spika, mwenye jukwaa, mkata tiketi. Sisi tukamwongezea wadhamini. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi Fiesta ilivyozunguka mikoani ikibeba miaka fulani jina la bia, na miaka mingine jina la kampuni ya simu. Kampuni hailiweki jina lake juu ya jukwaa kwa mapenzi ya muziki. Huliweka kwa sababu imekwisha kuhesabu idadi ya vijana watakaosimama chini yake. Wote hao walikuwa kazini. Mtu pekee aliyekwenda sokoni bila bidhaa alikuwa mwanafunzi wa masoko.

Alicheka. Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza jioni ile.

Tena, wanaoendesha matamasha kwa uadilifu wanaijua hesabu kuliko wateja wao. Chukueni Sauti za Busara, tamasha la muziki wa Kiafrika lililoanza Unguja mwaka 2004, ambalo hufanyika mwezi Februari na ambalo Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe imekuwa jukwaa lake mashuhuri. Mwaka 2016 halikufanyika. Fedha hazikutosha, waandaaji wakatangaza hivyo, na mwaka uliofuata likarudi. Tamasha zima, lenye jina na wageni kutoka nchi nyingi, liliweza kusema mbele ya ulimwengu: mwaka huu hapana, hatuna. Mwanafunzi wa usimamizi wa biashara hakuweza kulisema neno hilo mbele ya vijana wenzake wanne waliokuwa wakimngoja bandarini.

Mstari wa kwanza wa mapato, ule wa Bodi, hauna unafuu. Bodi ya Mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 haigawi zawadi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mnufaika anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Wanafunzi huziita fedha zao za kujikimu "bumu", na jina hilo limewafaa, kwa maana huja kwa kishindo na kubaki moshi. Shilingi iliyonunua shati jeupe la usiku mmoja ni shilingi ambayo mfanyakazi wa miaka kadhaa ijayo, pengine baba wa watoto wawili, ataikatwa bila kuulizwa. Kwa hiyo katika karatasi ile yumo mlipaji mwingine aliyesahauliwa, naye ni kijana mwenyewe akiwa mtu mzima.

Hatusemi haya kana kwamba Kanisa halijawahi kumwona mwanafunzi wa namna hii. Yapata mwaka 371 kijana wa miaka 17 kutoka Tagaste, mji mdogo ulioko katika Algeria ya leo, alifika Karthago kusomea ufasaha wa kunena, somo lililofungua milango ya vyeo na mali wakati ule kama biashara inavyotumainiwa leo. Kabla ya hapo alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima bila masomo, kwa kuwa baba yake, mtu wa kipato cha kawaida, alikuwa bado akitafuta fedha za kumpeleka. Huko Karthago alipenda marafiki, alipenda kupendwa, na alipenda mno maonyesho ya jukwaani. Baba akafariki. Mama mjane akaendelea kulipa. Kijana huyo ni Agostino na mama ni Monika. Kila tarehe 27 Agosti tunayahubiri machozi ya Monika, na ni sawa. Lakini tusiyatenge machozi hayo na mkoba wake. Mwana aliyemlilia ndiye mwana aliyemlipia.

Sasa tazameni jambo ambalo sisi wenyewe tulilipita mara nyingi tukisoma. Agostino alipoandika Maungamo yake, akiwa tayari askofu wa Hippo, hakuandika "Nyumbani". Aliandika juu ya baba aliyejitutumua kupita uwezo wa nyumba yake. Aliandika kwamba akiwa na miaka 19 alisoma kwa fedha ya mama, baba akiwa amekwisha kufa. Na katika kitabu kingine alimshukuru kwa jina Romaniano, tajiri wa mji wao aliyemsaidia masomo. Wale waliolipa wakapata majina. Tunathubutu kusema kwamba wongofu wake ulikuwa na upande wa hesabu, na kwamba wahubiri tumeusahau upande huo kwa sababu hauna machozi.

Basi tuje kwetu, maana hadi hapa wazazi mnasoma mkitikisa vichwa kwa kukubali, na jambo hilo linatutia shaka.

Kijana huyu alijifunzia wapi kwamba sherehe haina haja ya kumjua mlipaji? Si Unguja. Alijifunzia hapa. Ni nani kati yenu asiye na kadi ya mchango mezani kwake leo? Harusi ina kamati, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, mweka hazina ana daftari na ana simu isiyochoka. Kabla ya harusi kuna kicheni pati, kuna kumuaga binti. Baada yake kuna ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, na kila sakramenti imezaa ukumbi wake, mapambo yake, mpiga picha wake na keki inayokatwa mbele ya watu ambao wengi wao hawataionja. Mwezi ule ule wa Novemba mtamba alipouzwa, familia hiyo hiyo ya mjane ilitoa shilingi 150,000 kwa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Tulimuuliza mama kwa nini. Akajibu kwamba asingetoa ingekuwa aibu. Hatukuwa na moyo wa kumuuliza swali lililofuata, lakini ninyi tunawauliza: binti alipoacha ushonaji, ni nani katika Jumuiya ile aliyeona aibu?

Mtatuambia kwamba michango ni undugu, kwamba leo namchangia jirani na kesho yeye atanichangia mimi. Tunaujua utamaduni huo na tunauheshimu; pasipo huo, misiba yetu ingetushinda. Lakini undugu unaoamka kwa ajili ya mapambo na kulala kwa ajili ya ada umepotoka mahali fulani. Daftari la mweka hazina wa harusi humfuata mtu hadi shambani. Daftari la ada za yatima liko ofisini kwa katekista, na lina vumbi.

Nasi mapadre tusijifiche nyuma ya altare. Miaka michache iliyopita tuliadhimisha jubilei ya upadre. Maturubai yaliujaza uwanja, vyombo vya muziki vilikodiwa kutoka Lushoto mjini, ng'ombe wakachinjwa, na chakula kikabaki. Mwaka ule ule alikuja ofisini msichana yatima kuomba msaada wa ada, tukamwambia kwamba mfuko ni mtupu. Ulikuwa mtupu kweli. Hatukumwambia ni nani aliyeumaliza. Tumelibeba jambo hilo tangu wakati ule, na tunalisema leo kwa kuwa si haki kumwagiza kijana wa miaka 21 aandike hesabu yake hadharani huku yetu ikibaki kabatini.

Kuna safari moja ya sherehe ambayo watu wenye busara huilaumu, na ambayo sisi hatuilaumu. Mtoto anapohitimu, ukoo hukodi Coaster, hushuka Soni na Mombo usiku, hufika Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma asubuhi ukiwa katika sare ya kitenge na ndoo za matunda miguuni, na hupiga vigelegele langoni mwa chuo mpaka walinzi wakaudhika. Ni gharama, ndiyo, na sare zingeweza kusubiri. Lakini watazameni waliomo ndani ya gari lile. Ni mama wa mtamba, ni dada wa cherehani, ni kaka wa bodaboda. Bibi wa shilingi 200 amepewa kiti cha dirishani. Waliolipa wamekuja kula. Musa angeitambua karamu ile.

Kwa hiyo tumepeleka pendekezo kwa Halmashauri Walei, na tunalitangaza hapa ili mtu asije akasema hakusikia. Kuanzia sasa hadi Pentekoste, kadi za mchango wa sherehe yoyote zisigawiwe katika uwanja wa kanisa kabla orodha ya ada za wanafunzi wa kigango haijasomwa kwa sauti. Kamati yoyote ya harusi itakayoomba kutangazwa iwe na mstari mmoja wa ada katika makadirio yake, kiasi kitakachopangwa na kamati yenyewe. Na sherehe za mapadre zianze kupunguzwa kabla ya zenu. Mwenyekiti mmoja wa kamati amekwisha kutuuliza kama tunataka watu waoane kimya kimya kama wezi. Tunamjibu kwamba harusi ya watu mia waliofahamiana ina kelele za kutosha.

Kwenu wanafunzi mlioko vyuoni, na hasa ninyi mliolelewa katika VIWAWA hapa na sasa mko TMCS huko mliko: mnapotaka kwenda kwenye tamasha, semeni nyumbani. Tajeni mahali, gharama, mnaoandamana nao na siku ya kurudi. Na ninyi wazazi, mkiambiwa, msijibu kwa laana wala kwa kisa cha jirani aliyepotea mjini. Ulizeni bei, kama mnavyouliza bei ya mbolea. Mara nyingine jibu litakuwa hapana. Mara nyingine, wapendwa, na liwe ndiyo, maana kijana aliyesoma vema kwa miezi mitano anaweza kupewa usiku mmoja wa muziki na mbingu zisianguke.

Turudi sebuleni. Kijana aliomba karatasi ya pili. Akaandika upya upande wa mapato, safari hii kwa majina, na ukurasa haukutosha. Ada iliyobaki inatafutwa. Mama amekataa kigango kiilipe yote, anasema kijana ana mikono. Mitihani atafanya chuo kitakapoita tena, na mpaka hapo yuko shambani.

Alhamisi mama alipokuwa akiandaa magunia mapya ya viazi kwa ajili ya dalali, kijana aliazima mizani. Gunia likiwa limeshonewa kilemba chake juu kama ilivyo kawaida yetu, lumbesa, alilipima: kilo 128. Sheria inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100. Akakaa chini ya mnazi wa daftari lake, kama mama alivyosema kwa utani, akarudi kwenye yale sita ya Novemba, yaliyofungwa kwa kipimo kile kile na mikono ile ile. Kilo 168 zilikwenda bure. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba amekuwa akiuza hivyo tangu mumewe akiwa hai.

Jumamosi ijayo mizani itakuwa barazani pa kigango kuanzia saa 12 asubuhi, kabla magari ya madalali hayajapanda kutoka mjini. Kijana atakuwepo na daftari. Mwenye gunia alilete kabla hajalishona.